Picha Ndogo Kwenye Paji la Uso la Bwana Harusi

Kaeni, wapendwa. Mvua hii ikizidi kwenye bati nitanyamaza kidogo tuingoje, maana sina koo la kushindana nayo. Lakini kwa sasa naona inatuonea huruma.

Leo sina mfano wa shamba wala wa kondoo. Nina mfano wa kompyuta. Naona wazee wameanza kukunja mikono. Subirini kwanza, ni mwepesi, na kama umewahi kumsafishia mtu chumba akashindwa kuiona miwani yake siku tatu, nusu ya mfano tayari unayo. Halafu nawaomba msigeuke kutazamana mkidhani namsema fulani. Watu hawa nimewatunga mwenyewe, juzi Alhamisi, nikimngoja fundi wa paa ambaye mpaka leo hajafika.

Kulikuwa na mzee mmoja, mgane, aliyefundisha kwaya miaka arobaini katika usharika mdogo wa kijijini. Alikuwa na nyimbo zake mwenyewe alizozitunga, kama sitini hivi, na hakuna hata mmoja uliokuwa umeandikwa. Mnawajua walimu wa kwaya wa zamani. Wimbo unakaa kichwani. Anawaimbia soprano sehemu yao, anahamia kwa alto, anashuka kwa teno, na besi anawaimbia huku amekishika kidevu kama mwenye jino bovu. Watu wakishaushika, wimbo umeishi. Karatasi ya nini?

Sasa macho yakaanza kumwacha. Daktari wa macho kule Mbeya akampima, akamwambia ni presha ya macho. Ugonjwa huu, wapendwa, hauchukui macho kwa mkupuo. Unaanza kula pembeni. Mtu anabaki anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la funguo. Daktari akamwambia, "Mzee, dawa itachelewesha, haitarudisha. Jambo lolote unalotaka kulifanya kwa macho yako, lifanye mwaka huu."

Mzee akarudi nyumbani akiwaza. Wanakwaya wake wa kwanza wengi walikuwa wameshazikwa, tena yeye mwenyewe ndiye aliyewaimbisha waliobaki makaburini. Siku atakayoondoka yeye, nyimbo zile zitaondoka naye, na hakuna atakayejua kwamba ziliwahi kuwepo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, si upofu.

Mwanawe alikuwa dereva wa malori, kazi zake za Tunduma. Akamletea kompyuta mpakato iliyotumika, yenye kinasa sauti ndani. Kwenye kioo alikuwa ameshaweka picha ya harusi yake mwenyewe, yeye na mkewe na keki ya ghorofa tatu. Mzee akaibeba mpaka duka la steshenari pale senta, akamwambia fundi, "Mwanangu, mimi naona hapa katikati tu. Kile cha kurekodia kiweke hapa, katikati kabisa, kiwe kikubwa, kiwe chekundu. Cha kusikilizia kiweke chini yake. Vingine weka unakotaka."

"Lakini baba, hapo kitakaa juu ya picha."

"Acha kikae."

Basi kikakaa. Alama nyekundu ya kurekodia ikatua barabara kwenye paji la uso la bwana harusi, kama chunusi. Ile ya kusikilizia ikamziba mdomo. Alama nyingine zikatapakaa kotekote, moja kwenye keki, mbili kwenye shela la bibi harusi.

Kwa wale ambao hamjagusa kompyuta, niwaeleze kidogo. Zile picha ndogondogo juu ya kioo siyo vitu vyenyewe. Zinaitwa njia za mkato. Kitu chenyewe kimekaa huko ndani, kwenye makabati ambayo mimi na wewe hatuyajui. Unaibonyeza ile picha, nayo inakufikisha. Ukiifuta, kitu hakifi, kinabaki kule kule ndani. Ila sasa uwe unajua kukifuata kwa miguu, mlango kwa mlango, na mzee wetu hakujua. Alijua sehemu moja tu, pale katikati.

Kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi na Jumapili, akishakunywa uji, anakaa sebuleni, anafungua kompyuta, anapeleka mausi mpaka kwenye paji la uso la mwanawe, anabonyeza, anaimba. Wimbo mmoja, sauti zote nne, moja baada ya nyingine. Soprano aliiimba kwa kasauti kembamba ka kuazima mpaka mbuzi wa jirani wakaacha kula. Asubuhi arobaini na moja, nyimbo arobaini na moja. Mzee alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mkewe afariki.

Nyumba ile aliishi na mkamwana wake, mke wa yule dereva. Mama mmoja safi. Safi wa kupitiliza. Alisomea uhazili, alikuwa akifanya kazi ofisi ya kata, na nyumbani kwake sufuria zimepangwa kwa ukubwa na kanga kwa rangi. Ukiweka kikombe mezani ukageuka kupiga chafya, ukirudi kimeshaoshwa. Nani ana mkwe wa namna hiyo hapa? Usinyooshe mkono, amekaa nyuma yako.

Na mnajua kwetu habari ya mkamwana na baba mkwe. Siku hizi tumelegeza, tunapiga nao picha tumeshikana mabega, sisemi kitu. Lakini nyumba ile walishika ya zamani. Anapiga goti, anamnawisha mikono, anaweka chakula, anaondoka. Usoni hamtazami. Kiti cha karibu naye hakalii. Miaka kumi na moja chini ya paa moja, na ukiyakusanya maneno yao yote hayajazi kibaba: shikamoo baba, marahaba mama, karibu chakula, asante. Msidhani ni chuki. Mama yule alikuwa anampikia mzee mboga yake peke yake, isiyo na chumvi, kila siku, bila kuambiwa. Na mzee alikuwa halali mpaka asikie mkamwana amerudi salama kutoka mkutano wa kata. Walipendana, ila kwa mbali.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano mzee akaenda msibani, akalala huko. Mkamwana alikuwa na taarifa ya kikundi cha akina mama ya kuchapa, na ofisi imefungwa. Akampigia mumewe.

"Tumia ya baba," mume akasema. "Hana neno."

Akaifungua. Cha kwanza alichokiona ni mume wake, siku ya harusi yao, ana chunusi nyekundu usoni na mdomo umezibwa. Wapendwa, niambieni ukweli, na wewe ungeiacha?

Akaichapa taarifa yake. Halafu akabaki anakitazama kile kioo, na roho ikamuuma. Akasema moyoni, baba wa watu anaishi na fujo yote hii na hakuna anayemjali. Naomba mlishike hili, kwa sababu mfano wote umekaa hapa: alichofanya, alikifanya kwa upendo. Alitumia saa mbili za Jumamosi yake, na nguo zimelowa kwenye beseni zinamngoja. Akaziondoa zile picha ndogo moja moja. Nyimbo akazikusanya kwenye folda moja, akaiandika kwa herufi kubwa NYIMBO ZA BABA, akaihifadhi vizuri huko ndani. Akakipangusa na kioo kwa kitambaa laini. Mwishowe ikabaki picha ya harusi peke yake, bwana harusi anacheka, paji la uso linang'aa. Hakufuta hata wimbo mmoja. Ungempeleka mahakamani angeapa hivyo, na asingekuwa ameapa uongo.

Mzee akarudi. Jumatatu, baada ya uji, akafungua kompyuta. Akapeleka mausi pale katikati, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akambonyeza mwanawe usoni mpaka kidole kikauma. Basi akaanza kutafuta pembeni, na pembeni ndiko macho yake yalikokwisha kufa. Akatafuta mpaka uji wa akiba ukapoa. Halafu akafunga kifuniko taratibu, akaweka mikono yake juu yake, akakaa hivyo.

Kesho yake akajaribu tena. Na kesho kutwa. Siku ya nne hakuifungua.

Mtaniuliza, mchungaji, kwa nini hakusema? Sasa angemwambia nani? Amwite mkamwana waiinamie kompyuta moja, vichwa vimegusana? Hilo halikumjia hata kwa bahati mbaya. Mwanawe, kwa simu? Hilo alilifikiria. Aliishika simu kabisa. Halafu akajisemea, "Nikimwambia huyu, atamuuliza mkewe, umemfanya nini baba? Nami nitakuwa nimemshitaki mtoto wa watu kwa kosa la kunifanyia usafi." Akairudisha simu mfukoni. Mzee yule naye alikuwa na upendo wake, mnauona.

Na mkamwana je, kwa nini hakuuliza? Alikuwa anakisikia kile kimya kila asubuhi, akiwa anafunga kilemba aende kazini. Lakini unamuulizaje baba mkwe wako, "Mbona siku hizi huimbi?" Akadhani kazi imekwisha. Mumewe akipiga simu, "Baba anaendeleaje?" anajibu, "Mzima kabisa. Ametulia siku hizi."

Ametulia! Akina mama, akina baba, ni wangapi majumbani mwetu tumesema wametulia?

Ukapita mwezi wa sita, ukapita wa saba. Mwezi wa nane akaja mwenyekiti wa kwaya, ana kile kidude cha flashi mfukoni, anaomba nyimbo wazifanyie mazoezi kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Mzee akamwambia, "Mniwie radhi. Sijamaliza."

Mkamwana alikuwa anamimina chai. Akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye birika, "Zipo, baba. Nitamtolea." Akaichukua kompyuta, akaipeleka kwenye meza ya kulia chakula, akaifungua ile folda yake nadhifu.

Kompyuta ina tabia moja: kila unachokiweka inakiandikia tarehe. Mama akaanza kusoma kushuka chini. Wimbo wa kwanza, Ijumaa moja ya mwezi wa tatu. Wa pili, Jumatatu yake. Akashuka, akashuka, kila siku ya kazi wimbo mmoja, hakuna pengo. Wa arobaini na moja, Ijumaa tarehe kumi na saba, mwezi wa tano. Baada ya hapo hakuna kitu. Akaifungua ile taarifa yake ya akina mama, akaangalia tarehe aliyoichapa. Jumamosi, tarehe kumi na nane.

Akaitazama ile picha ya harusi, safi kama alivyoiacha, akakumbuka chunusi nyekundu, ukubwa wake, na jinsi ilivyokuwa imekaa katikati kabisa ya kioo. Mhazili mzima, miaka kumi ya kazi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu aweke kitu kikubwa namna ile mahali pabaya namna ile. Mtu huyo alikuwa anapaona hapo tu.

Akampa mgeni nyimbo zilizokuwepo, akamsindikiza mpaka barabarani. Akarudi, akakaa, akazirudisha zile alama. Nyekundu kwenye paji la uso la mumewe. Ya kusikilizia mdomoni. Akazikuza zaidi ya zilivyokuwa. Akafunga kifuniko, akaibeba kompyuta kwa mikono miwili mpaka sebuleni, akapiga goti, akaiweka mezani mbele ya mzee, akaifungua.

"Baba, nisamehe," akasema, ametazama chini. "Mimi ndiye niliyeziondoa zile alama zako. Sikujua. Nimezirudisha palepale zilipokuwa."

Mzee akainama juu ya kompyuta. Akakaa hivyo kitambo, kama anayesoma. Kisha uso ukamkunjuka kwa tabasamu.

"Naziona, mama," akasema. "Ziko palepale. Na ile nyekundu yangu ndiyo hii. Umezipanga vizuri sana, Mungu akubariki. Usijisumbue tena."

Mama akashusha pumzi. Akainua macho kidogo tu, akitazame kile kioo.

Kioo kilikuwa cheusi. Kompyuta ile ilikuwa ya zamani, ukifunga kifuniko inalala, na ukiifungua inachelewa kuamka. Ilikuwa haijaamka. Hapakuwa na nyekundu, hapakuwa na bwana harusi wala keki. Mzee alikuwa amelitazama giza, akalishukuru.

Mmenielewa, wapendwa, au nirudie? Ule mwanga mdogo wa katikati ulikuwa umekwisha kwenda. Umekwenda wiki gani, hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Umekwenda katika ile miezi mitatu aliyokuwa ametulia. Na mzee wa watu, kipofu, amekaa kwenye kiti chake, jambo pekee analolitafuta ni neno litakalomfanya mkamwana wake akalale bila kujilaumu. Mimi mwenyewe nilipofika hapa juzi, nilisahau kabisa habari za fundi wa paa.

Mama yule hakupiga kelele. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alimtazama baba mkwe wake usoni, akamtazama hasa, kwa muda mrefu, maana hakuna aliyekuwa anamwona. Kisha akasimama, akavuta kiti, akakiweka bega kwa bega na kile cha mzee. Mzee akasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, akashtuka.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakaa, baba."

"Hapa? Watu watasemaje?"

"Watakachosema nitakisikia mimi. Wewe imba, baba, mimi nitabonyeza."

Mzee akatafuta leso, akajifuta macho yale yasiyoona, na hakujificha. Halafu akaomba maji ya kulainisha koo, akasema, "Basi tuanze na ule wa Pentekoste. Ndio niliokuwa naufuata."

Zilikuwa zimebaki nyimbo kumi na tisa. Walizipata kumi na tano. Ningeweza kuwaambia walizipata zote, mfano ni wangu, nani angenizuia? Lakini ningekuwa nawadanganya kuhusu maisha. Miezi mitatu ni mingi kwa mzee wa umri ule. Nne hazikurudi. Soprano anaipata, teno anaipata, akifika kwa alto inamkwepa. Siku moja akasema, bila lawama, kama anayejisemea tu, "Mwezi wa tano ilikuwepo." Na mama yule ikabidi akae pale bega kwa bega, alisikie neno hilo, alimeze.

Wale wanakwaya leo wanajifunza nyimbo zile kwa kusikiliza. Kwenye hizo kumi na tano za mwisho, kabla mzee hajaanza, kuna sauti ya mwanamke inasema, "Tayari, baba." Fundi wa mitambo alitaka kuikata. Wakamkatalia.

Sasa tuje kwetu.

Simlaumu mama yule kwa usafi wake. Wala sisemi tuache kila kitu kama kilivyo, na vumbi lake, kwa sababu bibi alikipenda. Vitu vitabadilika. Lakini hebu tujiulize sisi: saa mbili nzima za kumtumikia mtu, dakika moja ya kumuuliza ilikosekana wapi? Tunawafulia, tunawapikia, tunawahamishia vitanda upande wenye jua, tunawanunulia simu mpya na kuitupa ya zamani yenye vitufe. Tunafanya yote hayo kwa moyo mweupe. Na hatujui kwamba kile tulichokiona ni uchafu ndicho alichokuwa anakishika ili asianguke.

Na wewe uliyeondolewa kitu chako, nina neno na wewe pia. Sema, ndugu yangu. Sema mapema, kwa upole, lakini sema. Mzee yule alinyamaza kwa upendo, na upendo ule wa kunyamaza umetugharimu nyimbo nne. Heshima tuliyopewa na wazee wetu ni nzuri, naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini ikifika mahali watu wawili wanaopendana wanaangamia kila mmoja upande wake wa ukuta, basi vuta kiti, ukae.

Bwana wetu mwenyewe, kipofu alipomlilia kandokando ya njia, alijua shida yake ni nini. Nani asingejua? Hata hivyo hakuanza kwa kumgusa. Alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini, akangoja ajibu.

Nami nikiwa nautunga mfano huu, wapendwa, nilikuwa nauandaa kwa ajili yenu. Nilikuwa na majina yenu kichwani, nisiwafiche. Kisha nikakwama, kwa sababu nilikumbuka benchi.

Mwezi wa kwanza, baraza la wazee, mimi nikiwa mwenyekiti, tuliliondoa lile benchi la mbao lililokuwa ukutani, karibu na mlango wa pembeni. Lilikuwa limepinda, na tulitaka nafasi ya spika. Tukaleta viti vya plastiki, vizuri, vipya, tukavipanga kwa mistari, nikafurahi sana, nikavipiga na picha. Walikuwa wanakaa pale mama watatu. Kwa nini pale? Labda ni ule ukuta wa kuegemea mgongo. Labda ni mlango, kwa sababu wakihitaji kutoka nje hawataki kupita katikati ya watu. Labda viti vya plastiki vinawateleza. Sijui. Mchungaji wenu sijui, kwa sababu sikuwahi kuwauliza. Wawili sijawaona tangu mwezi wa tatu, na kwenye taarifa ya jimbo niliandika kwa mkono wangu, "Mahudhurio ya wazee yamepungua kutokana na umri."

Leo mchana sitakula kwa mzee wa kanisa, anisamehe. Nakwenda kwa hao mama wawili. Sitabeba benchi wala maelezo. Nitapiga hodi, nitakaa, nitauliza, nitangoja.

Lakini yule wa tatu yupo hapa. Amesimama pale mlangoni tangu wimbo wa kwanza, ameegemea fremu, na mbele yake kuna viti vitupu kumi na viwili nilivyovihesabu mwenyewe, na mpaka nafika nusu ya mahubiri haya nilikuwa nadhani amechelewa.

Hapana, msigeuke kumtazama, mtamtia aibu. Nimwambie mimi, na nyinyi mninyamazie kidogo.

Shikamoo, mama. Ungependa ukae wapi?